Kona ya bluu tena

Jana usiku nimemaliza kushona bukta ya mdogo wangu. Satini ya bluu, mistari myeupe pembeni, kiunoni lastiki pana ya inchi nne na nimeipiga mshono mara tatu, maana ile aliyovaa Mwanza ilimwachia raundi ya tano akawa anapigana huku anaivuta juu kwa glovu, sitaki kukiona kitu kile tena maishani mwangu. Nyuma nimeandika ARUSHA tu, jina lake kakataa. Jumamosi anapanda ulingoni Nairobi kugombea mkanda wa Afrika ulio wazi, yaani hauna bingwa kwa sasa, uzito wa super bantam, raundi 12, na mimi ntakuwa pale kwenye kona nimeshika ndoo na taulo kama nilivyoshika tangu 2019.

Sasa mtaani maneno ni mengi. Wengine wanasema bahati, wengine wanasema tumehonga, kuna mama mmoja pale Soko Kuu kaniambia eti si alianza juzi tu huyu. Juzi gani mama yangu, ni miaka 13! Ndo maana leo nimefunga cherehani mapema nikae niandike, kwa sababu watu wanamuona bondia akishapanda na taa zinawaka, ya katikati hawayajui, na ya katikati ndo yenyewe.

Alianza 2012 akiwa na miaka 14. Nyumbani Ngarenaro tulijua anaenda tuisheni, kumbe hela ya tuisheni analipia mazoezi. Nilipoambiwa na jirani nikamfuata kwa hasira kabisa, nimejifunga kanga kiunoni, nia yangu nimtoe pale kwa makofi mbele ya wenzake. Nikamkuta anaruka kamba. Ukumbi mdogo, sakafu ya simenti, begi moja la turubai limening'inizwa kwenye bomba, watoto kama ishirini na hakuna anayeongea, unasikia kamba tu zinapiga chini. Mwalimu akaniangalia akaniuliza dada wewe unafanya kazi gani, nikamwambia mimi fundi cherehani, akasema basi vile vipande vya vitambaa unavyotupa niletee, begi hili limelegea. Hakuniuliza nimefuata nini. Kesho yake nikapeleka magunia mawili ya vipande, na mpaka leo lile begi lina nusu ya nguo za harusi za mji huu ndani yake.

Miezi sita ya kwanza mwalimu hakumruhusu kurusha ngumi kwa mtu. Miguu tu. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, mguu wa mbele usivukane na wa nyuma, siku nzima. Alikuwa akiwaona wamechoka anawakalisha chini anawapa habari za wakubwa, Titus Simba alivyoleta fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh 1970, Michael Yombayomba alivyochukua dhahabu Kuala Lumpur 1998 kwenye uzito wa bantam, na dogo kwa kuwa naye alikuwa bantam basi usiku anarudi nyumbani ananisimulia kama vile Yombayomba ni mjomba wetu.

Ngumi za ridhaa ni mchezo mwingine kabisa na wa kulipwa, hili watu wengi hawalijui. Ridhaa ni raundi 3 za dakika 3, basi, dakika 9 umemaliza. Unagusa unatoka, unagusa unatoka, majaji wanaangalia nani kafikisha ngumi safi nyingi. Kwenye mashindano unaweza kupigana leo, ukapumzika, ukapigana tena kesho kutwa, na kila siku ya pambano asubuhi unapanda mzani upya. Kwenye daftari la mwalimu dogo ana mapambano 43 ya ridhaa. Alikuwa mwepesi jamani, nasema kama dada lakini hata wasiompenda walisema, yule chalii alikuwa kama nzi, unapiga alipokuwa.

Ila kila tukishuka Dar tunakutana na vijana wa majeshi, na hapo ndo nilipoanza kuelewa. Mwenzako ameajiriwa, ana mshahara, ana kambi, anakula kwa ratiba. Wetu anaosha magari ya watalii kuanzia saa kumi na moja jioni yakirudi porini yamejaa vumbi, anamaliza saa nne usiku, alafu saa kumi na moja alfajiri anakimbia kupandisha Sakina mpaka Ngaramtoni. Mara mbili alifika kwenye mchujo wa timu ya taifa na mara mbili alibaki. Ile ya pili mimi nilihesabu kabisa alishinda, lakini sikubishana, mi ni dada yake.

Alafu ikaja Septemba 2018.

Hassan Mwakinyo, bondia wa Tanga, kaitwa Birmingham, Uingereza, kaitwa dakika za mwisho, kupigana na Sam Eggington, Mwingereza aliyewahi kuwa bingwa wa Uingereza, wa Jumuiya ya Madola na wa Ulaya. Tarehe 8, kwenye mapambano ya utangulizi siku ya pambano la bondia Amir Khan. Yaani pale kila mtu aliyekaa kwenye viti alijua Mtanzania kaletwa kupigwa ili mwenye mji apendeze. Raundi ya 2 Eggington kasimamishwa. Sisi tuliipata ile klipu kesho yake Jumapili kwenye simu ya jirani, tukaiangalia nadhani mara kumi, dogo haongei, mara ya kumi akasema neno moja tu, "kumbe hata wa kuletwa anaweza."

Hilo neno, wa kuletwa, ndo ngumi za kulipwa zote zilipo. Kila pambano lina mwenye pambano na wa kuletwa. Mwenye pambano picha yake ni kubwa kwenye bango, ndugu zake wamenunua tiketi, promota ni wake, anakaa kona nyekundu. Wa kuletwa anatafutwa ili mwenye pambano aongeze ushindi kwenye rekodi yake, anakaa kona ya bluu, chumba cha kubadilishia nguo kile kidogo chenye taa mbovu. Na sisi wa Arusha mapromota wakubwa wako Dar, kumbi ziko Dar, Ubungo Plaza, PTA Sabasaba, Diamond Jubilee, mashabiki wako Dar, kwa hiyo bondia wa huku ni wa kuletwa tangu anapozaliwa. Kati ya mapambano yake 15 ya kulipwa dogo kapigana nyumbani mara mbili tu.

Mwalimu hakutaka aende kulipwa. Walinuniana wiki tatu. Mwalimu anasema subiri, Olimpiki inakuja, bado mdogo, ukishaingia kulipwa mwili unazeeka haraka. Dogo anasema mwalimu nina miaka 21, nimesubiri mara mbili, nyumba inavuja. Mimi nilikuwa upande wa dogo, na niseme ukweli, nilikuwa upande wake kwa sababu ya ile nyumba.

Pambano la kwanza la kulipwa, mwishoni mwa 2019, Dar, raundi 4. Glovu zimepungua kutoka aunsi 10 za ridhaa mpaka aunsi 8, ukiishika unasikia kabisa ni nyembamba. Raundi mbili za kwanza akacheza ule mchezo wake wa kugusa na kutoka, watu wanashangilia, mi kwenye ndoo nimeshaanza kufurahi. Ya tatu yule mwenzake, mtu mzima kidogo, wala si mwepesi, akaacha kumfukuza kichwa akaanza kumsubiri tumboni. Ngumi moja ya ini. Nilimuona dogo anageuka rangi, hakuanguka, ila miguu yote aliyofundishwa miaka saba ilipotea. Wakatoa droo. Kwenye basi la kurudi kutoka Chalinze mpaka Mombo hakusema kitu, tulipofika Mombo akaniambia dada, kule ridhaa nilikuwa nacheza na majaji, huku unacheza na mtu.

Tulikubaliana laki moja na nusu. Promota, sitamtaja, akatoa elfu sitini akasema nyingine Jumatatu. Jumatatu ile haijafika mpaka leo. Nauli yetu watu watatu kwenda na kurudi peke yake ilizidi hiyo, kwa hiyo tulilipa ili dogo apigwe ini.

Kuanzia hapo mikataba nasoma mimi. Sikusoma sheria, nimeishia form two, lakini kwenye ushonaji ukimkabidhi mtu gauni kabla hajamalizia hela umelikosa gauni na hela, sasa ngumi zina tofauti gani. Sharti langu ni nusu kabla ya kupanda mzani, nusu iliyobaki kabla sijaruhusu afungwe bandeji mkononi. Si kabla ya kupanda ulingoni, hapana, kabla ya bandeji, maana akishafungwa bandeji na glovu zimesainiwa anakuwa ameshakuwa wa watu, ukumbi umejaa, hawezi kukataa tena. Dodoma walinikalisha dakika 40, watu nje wanapiga miluzi, mratibu ananiambia mama utaharibu shughuli, nikamwambia shughuli ni yenu, mkono ni wa mdogo wangu. Hela ikaja imefungwa kwenye mfuko wa rambo, nikaihesabu pale pale noti kwa noti.

Na lile shuka la Kimasai analoingia nalo, watangazaji wanasema ni urembo wa kwetu. Si urembo. Wa kuletwa anatangulia kuingia ulingoni, alafu anasimama pale anamsubiri mwenye pambano aje na wimbo wake na vijana wake na ngoma, dakika kumi, wakati mwingine zaidi, na mwili uliopashwa joto nusu saa unapoa wote. Shuka ni zito, linamshika joto mabegani. Anacheza miguu ndani ya shuka mpaka mwenzie aingie. Hilo ni wazo la mwalimu, ambaye baada ya ile droo alirudi mwenyewe nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema tuanze upya na tumbo.

Mwaka mzima wa 2020 shughuli zilikuwa chache na wakautumia kubadilisha mchezo. Kukaa kwenye miguu badala ya kurukaruka, ngumi itoke kisiginoni, kumbana mtu kwenye kamba, kushuka tumboni raundi za mwanzo ili za mwisho mikono yake ishuke yenyewe. Wakawa wanaenda kukimbia na wanariadha, mkoa huu una wakimbiaji wengi kuliko mabondia, dogo anakimbia na watu wa masafa marefu wanamwacha, kesho anarudi wanamwacha kidogo. Mapambano ya raundi 6, ya raundi 8. Akashinda manne, akapoteza moja kwa pointi ugenini, sina la kusema hapo, alipigwa.

Lakini mwaka uliomuuma ni 2022. Mwezi wa nane, Birmingham ileile ya Mwakinyo, michezo ya Jumuiya ya Madola, vijana wetu wawili wa ridhaa wanachukua shaba, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike. Dogo alikuwa anaosha magari, nikampelekea chakula, nikamkuta amekaa kwenye tairi kashika simu, wale wamevaa medali wanapepea bendera. Akaniuliza, dada nilitoka mapema? Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu kwa sababu sijui, na mimi ndo niliyemsukuma kwa ajili ya bati.

Mwezi wenyewe haujatimia, tarehe 3 Septemba, Mwakinyo yuko Liverpool na Liam Smith, raundi ya 4 anapiga goti, pambano limeisha, nchi nzima inamtukana. Mwenyewe akaeleza kuwa begi lake lilipotea safarini akavaa viatu visivyo vyake na mguu ukamletea shida. Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka hata kidogo. Mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye kona ya bluu hawezi kujua begi ni kitu gani, ukiwa nyumbani kiatu kikichanika unamtuma mtoto akakimbie akuletee kingine, ukiwa umeletwa una kile ulichobeba tu.

Basi 2023 na 2024 akashinda ugenini matatu mfululizo, na ugenini ukitegemea pointi unajidanganya. Mawili alimaliza kabla ya raundi kuisha, lile la tatu Mwanza raundi ya 7, bukta inavuka vile, ngumi ya ini, ileile aliyopigwa yeye 2019, kushoto, fupi, wala hukuiona ikitoka. Yule kijana wa watu alikuwa hajapoteza. Baada ya hapo jina likaanza kupanda kwenye orodha za Afrika, na ukishaingia kwenye orodha simu zinabadilika, mwanzo wanakupigia wakitafuta wa kupigwa, sasa wanakupigia wakiuliza uzito wako.

Simu ya Nairobi ilikuja wiki sita zilizopita. Nilisoma mkataba mara nne, nusu kabla ya mzani ipo, nusu kabla ya bandeji ipo, kibali cha TPBRC, kamisheni ya ngumi za kulipwa nchini, tumeomba na kimetoka. Kilichonikosesha usingizi ni namba moja tu, 12. Hajawahi kuvuka raundi ya 10. Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, na nikakutana na habari ya yule Mkorea, Kim Duk-koo, aliyepigana Las Vegas Novemba 1982 na Ray Mancini mpaka raundi ya 14, akaanguka, siku chache baadae akafariki. Ubingwa wa dunia kabla ya hapo ulikuwa raundi 15, baada yake ndo WBC wakashusha mpaka 12 na wengine wakafuata. Yaani hiyo 12 iliyoandikwa kwenye karatasi yetu ina mtu ndani yake. Asubuhi nikamwambia dogo twende Moshi ukapige picha ya kichwa, akasema dada niko sawa, nikasema sijakuuliza. Tulienda hospitali ya KCMC, kichwa kiko salama, nimeiweka ile picha kabatini pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Moshi ndo anakokatia uzito pia. Super bantam ni kilo 55.34, mwili wake wa kawaida unacheza kwenye 60 na ushee. Huku kwetu miezi ya baridi unaweza kuvaa masweta matatu ukakimbia saa nzima usitoe jasho la kujaza kijiko, Meru yenyewe huioni. Moshi iko chini kama mita 500 hivi kuliko hapa, joto lipo, kwa hiyo tangu Jumapili yuko kwa shangazi Pasua anakimbia saa saba mchana kavaa nailoni. Mimi hii sehemu ya mchezo siipendi na sitaipenda. Mtu anakausha maji mwilini, midomo inapasuka, anatema mate kwenye kopo ili apungue gramu, alafu saa 24 baadae anapigwa kichwani. Mwalimu angalau hamruhusu dawa za kukojoza wala kukaa na njaa siku tatu, wanapunguza taratibu wiki zote sita, chumvi kwanza, alafu wanga, maji mwishoni kabisa. Shangazi analia kila akimpakulia. Leo asubuhi mzani ulisoma 56.6, imebaki kilo moja na kidogo, ataimalizia Nairobi kabla ya mzani wa Ijumaa.

Kuna kitu kimoja ambacho kiko upande wetu na mwalimu ndo anachokitegemea. Nairobi iko juu, mita 1,700 na zaidi, bondia akitoka pwani raundi ya tano anatafuta hewa. Wetu kazaliwa mita 1,400 na mapafu yake yamelelewa na wakimbiaji. Mpango ni tumbo raundi sita za kwanza, hata kama zinapotea kwa pointi, alafu tuone nani ana pumzi ya kuanzia ya tisa kwenda mbele. Mimi mwenyewe nimejizoesha, nimepima kwa saa ukutani, nina sekunde 60 kati ya raundi, sekunde kumi kiti, kumi gadi ya mdomo na maji, ishirini mwalimu aongee na mtu mwingine yeyote asiongee, zinazobaki ni barafu na mafuta usoni.

Mama hajui kama ni raundi 12. Hajawahi kuangalia pambano hata moja, siku ya mechi anaanza kuchambua mchele saa kumi na mbili jioni na anauchambua mpaka nimpigie simu. Safari hii itakuwa mchele mwingi.

Basi la Namanga linaondoka kesho saa 12 asubuhi. Ni karibu kuliko Dar, mara ya kwanza tunaenda kwenye pambano kubwa na tutafika kabla ya chakula cha mchana. Bandeji, plasta, ndoo na shuka nimefunga kwenye begi kubwa, hilo litakaa kwenye buti. Viatu, gadi ya mdomo na bukta nimeviweka kwenye kikapu cha mama cha sokoni, nimefunika na kanga nimeshona juu kwa uzi. Nimekata tiketi nne. Ya mwalimu, ya dogo, yangu, na ya kikapu, siti ya dirishani, pembeni yangu.